Kulala Hemani Kilimanjaro: Mgeni Ahesabu Siku, Mwenyeji Ahesabu Kilo

Kaka yangu anaishi Ujerumani, na alipokuja likizo Juni pamoja na wifi alikuwa na ombi moja tu. "Dada, safari hii hatutaki hoteli. Tunataka hema, msituni, pasipo umeme wala bafu. Si ndiyo itakuwa nafuu?" Niliwapakulia mtori kwanza. Tulipomaliza kula nikaleta daftari na kalamu, kwa sababu swali hilo nimeulizwa na watu wengi hapa Moshi, na jibu lake hubadilika kulingana na pasipoti iliyo mfukoni.

Kaka bado ni raia wa Tanzania. Wifi ni Mjerumani. Hata wakilala hema moja, langoni kila mmoja ana bei yake. Ndiyo maana makadirio ya jumla wanayopewa watu vijiweni na maofisini huwapoteza wengi: mtu anatajiwa gharama ya safari ya rafiki yake, anaibeba kama ilivyo, halafu anashangaa kwake haitimii.

Kabla ya namba, kuna jambo la kuweka sawa. Wengi wanadhani msitu unaouona kutoka mjini, ule mkanda wa kijani kibichi juu ya migomba, ni pori la wazi ambamo mtu anaweza kupanda na hema lake mgongoni akalala anapopenda. Hapo zamani sehemu kubwa yake ilikuwa hifadhi ya msitu iliyosimamiwa kando na hifadhi ya taifa. Ilitangazwa enzi za ukoloni, na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ikaanzishwa 1973 ikiwa juu zaidi. Tangu 2005 msitu huo umeunganishwa na hifadhi ya taifa. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba ukivuka lango, hata kama hutaki kilele, hata kama unataka usiku mmoja tu chini ya miti, unalipa ada za hifadhi, na kupanda bila kiongozi aliyesajiliwa hakuruhusiwi tangu 1991. Hema la bure msituni halipo upande huu wa mlima.

Tuanze na wifi, maana hesabu yake ndiyo nzito. Kwa viwango nilivyotumia, mgeni asiye mkazi, mtu mzima, hutozwa dola 70 kwa kila siku anayokuwa ndani ya hifadhi. Akilala kambini hemani anaongeza dola 50 kwa usiku. Akilala kwenye vibanda vya njia ya Marangu, dola 60. Kuna dola 20 za uokoaji kwa safari nzima, na juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18. Siku sita kwa njia ya Marangu, usiku tano vibandani, zinafika dola 873.20. Siku sita kwa njia ya Machame, usiku tano hemani, ni dola 814.20. Hizo ni ada peke yake, hujamlipa kiongozi, mpishi, mpagazi wala gari.

Tofauti ya hema na kibanda, basi, ni dola 59 kwa safari nzima. Sasa ongeza siku moja Machame, zifike saba kama ninavyomshauri kila mtu: ada zinapanda hadi dola 955.80. Siku moja tu imekula dola 141.60. Kwa hiyo mgeni anayetafuta nafuu asibishane na nafsi yake kuhusu hema au bati. Kinachomla fedha ni siku. Na hapo ndipo kishawishi cha hatari kilipo, kwa sababu siku ndiyo inayompa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano ili ionekane rahisi, na hao wa siku tano ndio ninaowaona wakirudi na vichwa vinavyogonga, wamelipa karibu kila kitu na kilele hawakukiona. Kama fedha haitoshi kwa siku sita au saba, ni heri kubaki miteremko ya chini mwaka huu, ambayo nitaieleza hapa chini, kuliko kununua siku tano.

Kwa kaka mambo ni mengine kabisa. Raia hulipa ada hizo kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni. Kwake siku ya ziada haimtishi langoni. Fedha yake inakwenda kwenye mizigo: watu wa kuibeba, chakula chao, vifaa vya kukodi. Na mizigo ndiyo inayotenganisha hema na kibanda.

Njia ya Marangu ina vituo vitatu vyenye vibanda: Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo mita 4,720. Kuna vitanda vyenye magodoro, kuna ukumbi wa kulia, taa za sola, na wafanyakazi wana mahali pao pa kulala. Unapanda na mfuko wa kulalia, nguo na chakula. Machame, Lemosho, Umbwe na Rongai ni njia za hema. Kambi zake zina vyoo vya shimo, kibanda cha askari wa hifadhi ambapo unasaini daftari, na kibao cha jina la kambi. Kila kitu kingine kimepanda mgongoni mwa mtu: hema zenu, hema za wafanyakazi, hema la kulia, meza, viti, sufuria, gesi.

Simama asubuhi lango la Machame uone. Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita wenyewe, wamepanga mstari mbele ya mizani. Mzigo wa mgumu mmoja una kikomo cha kilo 20. Nilimtazama kijana mmoja aliyekuwa na gunia jeupe lililofungwa kwa kamba ya katani. Mshale ukapita 20, kiongozi wake akafungua gunia palepale chini, akatoa mfuko wa viazi na kopo la mafuta, akampa mwenzake wa nyuma. Wakapima tena. Ilichukua dakika kumi kwa mtu mmoja, na nyuma yake walikuwa zaidi ya thelathini. Mizani ile ndiyo risiti ya kweli ya safari ya hemani. Kila unachoongeza, kiti cha kukunja, choo cha kubeba chenye hema lake, mto mnene, kinageuka kilo, na kilo ishirini zinageuka mtu mmoja zaidi wa kulipwa na kulishwa.

Kwa kawaida kundi la watu wawili likichagua hema badala ya vibanda linaongeza wagumu wawili au watatu. Shilingi 20,000 kwa siku ndicho kiwango ambacho watetezi wa wapagazi hapa Moshi wamekuwa wakikisisitiza kwa miaka kama cha chini. Wagumu wawili kwa siku sita ni shilingi 240,000, bado chakula na bahasha ya shukrani mwisho wa safari. Ukiipiga dola kwa shilingi 2,500 kwa ajili ya hesabu tu, zile dola 59 ambazo mgeni aliokoa langoni ni shilingi 147,500. Wageni wawili wakizijumlisha, 295,000. Akiba yote imerudi mgongoni kwa wagumu, na kwa mwananchi, ambaye langoni hakuokoa chochote cha maana, hema limekuwa ghali kuliko kibanda. Kaka aliposikia hivyo alinyamaza. Alikuwa ameamini hema ni kulala kimaskini.

Kuna kilo nyingine ambazo mnunuzi hazioni kabisa. Kambi ya Barafu, ambako watu hulala kabla ya kupanda kilele usiku wa manane, ipo zaidi ya mita 4,600 na haina maji. Maji ya mwisho yapo bonde la Karanga. Chukua wasafiri wawili na wafanyakazi tisa, kila mmoja lita nne za kunywa na kupikiwa: lita 44, kilo 44, mizigo miwili na zaidi, kupanda kwenye mawe kwa saa kadhaa. Mara ya mwisho nilipolala Barafu, mgumu alinimiminia maji ya moto kwenye chupa bila kumwaga tone, akakinga mdomo wa birika kwa kitambaa. "Haya yametoka Karanga, dada," akasema, "usinawie." Nilikuwa nimeshakunja mikono ya sweta tayari kunawa uso. Nikaikunjua.

Ndiyo maana bei ya chini mno ya safari ya hemani hunitia wasiwasi. Ada za hifadhi hazina punguzo la kirafiki, zinajulikana. Gari na gesi vina bei ya soko. Kampuni inayokupa bei iliyo chini sana ya wenzake imepunguza mahali fulani, na panapopunguzika ni ujira wa mgumu, idadi ya milo yake, au hema analolala. Hapa mjini lipo shirika la KPAP, linalosaidia wapagazi na kuwaazima nguo za baridi bila malipo, na linafuatilia namna kampuni zinavyowalipa. Kabla hujatoa fedha, iombe kampuni ikuandikie kwenye karatasi: wagumu wangapi, kila mmoja shilingi ngapi kwa siku, milo mingapi. Kampuni nzuri hujibu siku hiyohiyo. Inayozungukazunguka, iache.

Upishi nao si mahali pa kujipunguzia gharama kwa kuni. Hakuna moto wa kuni mlimani. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Maelezo ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Ziliungua takriban kilomita za mraba 95. Tulioishi Moshi siku zile tunakumbuka mstari mwekundu juu ya mji usiku. Basi ni gesi. Mtungi mdogo wa kilo sita ukijaa unazidi kilo 12 pamoja na chuma chake, zaidi ya nusu ya mzigo wa mtu. Kwa usiku mmoja au miwili kwenye miteremko ya chini mtungi huo ni mzuri, unaenda nao kwa bodaboda au gari. Mlimani mwachie mpishi aamue, yeye anajua sufuria ngapi zitachemka.

Vifaa ni sehemu ninayoipenda, kwa sababu hapa mwenye subira huokoa fedha bila kumwumiza mtu. Maduka ya kukodisha yapo mjini Moshi na Marangu. Mfuko wa kulalia wa baridi kali, kwa mgeni, hukodishwa takriban dola 30 hadi 50 kwa safari nzima, na kwa mwenyeji bei hushuka ukizungumza vizuri. Huo kodi. Kuununua mpya ni gharama kubwa kwa kitu utakachotumia wiki moja. Fimbo za kutembelea pia kodi. Lakini sweta la manyoya, suruali ya ndani ya joto, kofia, glavu na koti la mvua, nenda masoko ya Kiboriloni au Memorial hapa Moshi siku mzigo mpya wa mitumba unapofunguliwa. Wazungu wamevaa koti hilo mara mbili wakalitoa. Utalipata kwa bei ya kulikodi siku tatu, na litabaki lako. Viatu tu ndivyo visivyonunuliwa mitumba kwa pupa. Soli ya povu iliyokaa miaka kabatini huvunjika na kuachia ikianza kufanya kazi. Kikunje kiatu kwa nguvu dukani mbele ya muuzaji. Ukiona nyufa ndogo kando ya soli, rudisha.

Hema ndilo lililonifundisha kwa machungu. Miaka michache iliyopita nilikodi moja kwenye duka ambalo sitalitaja, nikalichukua likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wake kama alivyonikabidhi mwenye duka. Nilikuja kulifungua jioni, mawingu yameshashuka. Lilikuwa limekunjwa bichi na mtu wa kabla yangu. Kitambaa kilikuwa na madoa meusi ya ukungu, harufu kama ya gunia la maharage lililoloa, na nguzo moja ilikuwa imefungwa kwa utepe mweusi. Vigingi vilikuwa sita tu. Mvua ilipoanza, maji hayakupenya juu. Yalipita kwenye mshono wa chini, taratibu, hadi godoro la povu likaelea upande mmoja. Nilikaa macho hadi alfajiri nimekumbatia begi la nguo.

Tangu siku hiyo silipi kabla hema halijasimamishwa uani kwa mwenye duka. Nahesabu vigingi. Naingia ndani, nafunga zipu, naangalia juu: kila tundu linaonyesha mwanga. Naomba ndoo ya maji, namwaga juu ya mshono. Mwenye duka anayekasirika amenipa jibu. Mfuko wa kulalia nao uvute zipu hadi mwisho na kurudi mara tatu, kisha uutoe kwenye gunia lake uuache dakika kumi. Ukibaki bapa kama chapati, ujazo wake umekwisha na Barafu utatetemeka.

Sasa miteremko ya chini, maana hapo ndipo tulipoishia mwezi Juni. Wifi alitaka msitu, miti mikubwa, ukimya, giza. Mandara ipo ndani ya msitu na ina mbega, kwa hiyo tulipiga hesabu ya usiku mmoja pale: siku mbili, kibanda, uokoaji na VAT, dola 259.60 kwa yeye peke yake. Halafu tukapiga ya pili: matembezi ya siku moja hadi Mandara na kurudi, dola 82.60 za hifadhi, na usiku tulale hemani nje ya lango, kwenye kiwanja cha nyumba ya wageni Marangu. Maeneo ya aina hiyo yapo kadhaa: nyasi zimekatwa, bomba la maji, choo, mlinzi. Nyumba tuliyoipata ilitutoza kwa kichwa kiasi kisichofika bei ya chakula cha jioni hotelini. Kaka alinung'unika kwamba bomba na choo si pori. Lakini usiku taa zilipozimwa, ukisikia mto chini ya migomba na pelele akipiga kelele msituni, hata yeye aliacha kulalamika.

Kufika si shida: daladala kutoka stendi ya Moshi kupitia Himo hadi Marangu Mtoni, kisha kama kilomita tano hadi lango. Hema letu lilikuwa kilo tano. Tulibeba wenyewe, hatukumlipa mtu kubeba. Na hapo ndipo hema linakuwa kweli la bei nafuu: pale unapolibeba mwenyewe, maji yapo bombani, na unalala nje ya lango.

Angalia mvua tu. Msitu wa upande wa kusini, Marangu na Machame, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika mkanda wake wenye mvua nyingi. Machi hadi Mei usijaribu hema la kukodi huku. Upande wa Rongai, kaskazini, ni mkavu zaidi. Anayelazimika kupanda majira ya mvua aende huko. Julai ni kavu ila baridi yake usiku si ya kudharau, maana hata Juni pale Marangu tulivaa soksi mbili.

Na kwa mtu kama kaka, ambaye roho yake haitulii mpaka akose choo, nilimwonyesha mlango mwingine. Teremka barabara ya Dar es Salaam kama kilomita 100 hadi Same, upande wa milima ya Pare. Huko kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, yenye hekta zaidi ya 14,000 za msitu wa mlimani na kilele cha Shengena, mita 2,462. Kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa milima hiyo ya Pare Kusini. Kupiga kambi kunaruhusiwa kwa kibali, huduma ni chache mno, na bado unahitaji mwenyeji wa kukuongoza. Gharama kubwa ni gari, maana barabara za kupanda ni za udongo na mvua huzikata. Mkiwa wanne mkagawana gari, Chome inashinda. Ukiwa peke yako, baki Marangu.

Nikiulizwa niamue, naamua hivi. Mwananchi anayetaka kilele kwa gharama ndogo apande Marangu siku sita, alale vibandani, na akodi mfuko mmoja mzuri wa kulalia. Mgeni anayetaka kilele asilinganishe hema na kibanda kwa dola, achague mandhari anayoitaka na anunue siku ya saba. Mimi ningemwambia Machame, kwa ajili ya jioni moja tu ya kuona jua likizama nyuma ya Mlima Meru kutoka kambi ya Shira. Familia inayotaka kuonja hema, watoto wakiwemo, ibaki nje ya lango usiku na iingie msituni mchana.

Kaka na wifi wameshaandika siku saba za Machame kwa mwakani, na karatasi ya kampuni yenye idadi ya wagumu na ujira wao ipo kwenye kabati langu. Tulipotoka Marangu tulitandaza hema kwenye kamba ya nguo nyumbani, jua la saa tano, tukaligeuza ndani nje hadi mishono ikauka. Nawe ukimaliza safari, fanya hivyo kabla ya kulirudisha dukani. Kuna mtu atalifungua jioni, mawingu yameshashuka.